Madenti wa uhandisi na kozi ya Word na Excel: msiidharau, siyo kozi ya kuchapa barua



Kila mwaka vyuo vikifunguliwa yanaanza malalamiko yale yale kutoka kwa madenti wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. "Mimi nimekuja kusoma ujenzi wa madaraja, hii kozi ya Word na Excel ya nini? Kompyuta nimeanza kuichezea kafe toka niko form two!" Basi kozi inakuwa ya kupita tu. Mtu anasaini mahudhurio, anadesa zoezi la mwenzake, na akibanwa sana anapeleka karatasi zake stationery akachapiwe. Muhula unaisha, hajala supu, maisha yanasonga.

Leo naomba tuliangalie hili kwa mapana kidogo. Hoja yangu ni moja. Kozi hii ipo ili ujifunze kuandika hesabu ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua, kuifuata hatua kwa hatua, na kuikamata kama imekosewa. Ukiandika fomula ambayo kompyuta haiielewi, inapiga kelele. Lakini ukiandika fomula inayoeleweka ila haimaanishi ulichotaka, inanyamaza kimya na kukuletea namba nzuri yenye desimali mbili. Kwa mtu atakayejenga tanki la maji au ghorofa, ukimya huo ni hatari kuliko kelele.

Twende taratibu, na kama uko kafe sasa hivi fungua Excel pembeni uwe unajaribu. Kama mashine ina LibreOffice Calc pia poa, mengi yanafanana.

LAHAJEDWALI LILITOKA WAPI?

Lahajedwali ndilo jina la Kiswahili la karatasi ile yenye visanduku inayojipigia hesabu yenyewe. Kila kisanduku kinaitwa seli. Wengi wanadhani kitu hiki kilianza na Excel. Hapana. La kwanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo liliitwa VisiCalc, likatoka mwaka 1979 likiendeshwa kwenye kompyuta ya Apple II. Waliolitengeneza ni Dan Bricklin na Bob Frankston. Excel yenyewe ilitoka mwaka 1985, tena kwenye Macintosh, ndipo ikaja kwenye Windows mwaka 1987.

Utamu wa hadithi ni pale wazo lilipozaliwa. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard mwaka 1978. Mwalimu ameandika jedwali la hesabu ubaoni, akigundua namba moja imekosewa inabidi afute na kuandika upya namba zote zinazoitegemea. Bricklin akawaza: vipi kama ubao ungejirekebisha wenyewe?

Umeona hapo? Kifaa hiki kilizaliwa kwa sababu ya tatizo la kurekebisha makosa. Kwa hiyo mtu anayechapa namba ambazo tayari amezipiga kwenye kalkuleta, halafu akazipangia mistari mizuri na rangi ya bluu, hajatumia lahajedwali. Amechapa ubao ule ule wa mwalimu.

Na kwa wale wanaosema "wahandisi wa zamani walisoma bila Excel na walijenga", ni kweli kabisa. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitivo cha uhandisi kilianza mwaka 1973, miaka 6 kabla ya VisiCalc. Lakini wazee wale walikuwa na nidhamu moja. Kila hatua ya hesabu iliandikwa kwenye karatasi, mwenzako anapitia kwa kalamu nyekundu, ndipo mchoro unasainiwa. Sisi tumepokea kompyuta, ile kalamu nyekundu tumeiacha njiani. Kozi hii ikifundishwa vizuri na ikisomwa vizuri, inakurudishia hiyo kalamu.

TUANZE NA SIMENTI

Chukua mfano wa mtaani. Unataka kumwaga zege la mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simenti sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4. Jumla sehemu 7. Zege likiwa tayari ni mita za ujazo 12. Unahitaji mifuko mingapi ya simenti ya kilo 50?

Kwa kawaida unazidisha ujazo kwa 1.54, kwa sababu vitu vikavu vina nafasi za hewa na vikichanganywa na maji vinashuka. Unagawanya kwa 7 kupata sehemu ya simenti. Unazidisha kwa kilo 1,440, ambazo ndizo uzito wa mita moja ya ujazo ya simenti, halafu unagawanya kwa 50.

Denti mvivu ataandika kwenye seli moja:

=12*1.54/7*1440/50

Jibu: 76.032. Ataandika kwenye ripoti "mifuko 76" na kwenda kunywa chai.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, mifuko 76 haitoshi, itapungua kidogo, na fundi hawezi kununua vipande vya mfuko. Unatakiwa kupanda kwenda 77. Kwenye Excel amri ya ROUND itakushusha kwenye 76 kwa sababu inafuata namba ya karibu. ROUNDUP ndiyo itakupandisha hadi 77. Kompyuta haijui kwamba simenti inauzwa kwa mfuko. Wewe ndiye unayejua.

La pili ni kubwa zaidi. Mtu akifungua faili lako wiki ijayo ataona 12, 1.54, 7, 1440 na 50 zimebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa moja asubuhi. 7 ni nini? 1440 ni kilo au lita? Njia sahihi ni kila namba ipewe seli yake, kushoto jina lake, kulia kipimo chake: "Ujazo wa zege", 12, mita za ujazo. "Nyongeza ya ukavu", 1.54. "Uzito wa simenti", 1,440, kilo kwa mita ya ujazo. Halafu fomula iziite hizo seli.

Sasa bosi akisema zege limekuwa mita za ujazo 15, unabadili seli moja tu na jibu linakuja lenyewe: mifuko 96. Na mtu akiuliza "kwa nini 7?", jibu liko mbele yake. Hapo umeandika hesabu. Kabla ya hapo uliandika jibu tu.

ALAMA YA DOLA INAYOKULA PESA

Hili ndilo somo ambalo madenti wengi hulidesa bila kulielewa, na ndilo linaloumiza zaidi huko kazini.

Tuseme unaandaa makadirio ya nyumba ndogo. Bei nimezitunga kwa ajili ya mfano, za kwenu zitakuwa tofauti. Mstari wa 2 ni kuchimba msingi, shilingi 540,000. Mstari wa 3 ni zege, 3,840,000. Mstari wa 4 matofali, 2,700,000. Mstari wa 5 bati, 2,280,000. Zote ziko safu ya D. Jumla ni 9,360,000.

Mteja anataka uongeze asilimia 10 ya dharura kwa kila kazi. Unaandika 10% kwenye seli H1, halafu kwenye E2 unaandika =D2*H1. Inatoka 54,000. Safi. Unashika kona ya seli unaiburuta hadi chini ili mistari mingine ijijaze.

Hapo ndipo pesa inapotea. Ukiburuta fomula kwenda chini, Excel inasogeza kila kitu hatua moja. D2 inakuwa D3, sawa. Lakini na H1 inakuwa H2, halafu H3, halafu H4. Huko hamna kitu, ni seli tupu. Excel inachukulia seli tupu kuwa sifuri. Zege dharura yake sifuri, matofali sifuri, bati sifuri. Hakuna kengele, hakuna rangi nyekundu. Ukijumlisha unapata 9,414,000 badala ya 10,296,000. Shilingi 882,000 zimeyeyuka, na karatasi inapendeza kabisa.

Dawa yake ni alama ya dola: =D2*$H$1. Dola inaiambia Excel "hii usiisogeze". Ukibonyeza F4 wakati unaandika fomula, dola zinajiweka zenyewe. Dola mbele ya herufi inafunga safu, dola mbele ya namba inafunga mstari, zote mbili zinafunga seli nzima.

Kwenye nyumba ndogo ni laki nane na ushee. Weka kosa hilo hilo kwenye zabuni ya barabara yenye mistari 300 uone. Kampuni ikishinda zabuni kwa bei hiyo, hasara ni yake. Na baadaye huko site watu wanaanza kutafuta pa kubana, mara nondo, mara simenti. Msala wa jengo unaweza kuanzia kwenye seli moja.

MITEGO MINGINE, JARIBU SASA HIVI

Andika =SIN(30) ubonyeze Enter. Umetegemea 0.5 kama ulivyofundishwa sekondari, si ndio? Excel inakupa -0.988. Haijakosea. Inapima pembe kwa radiani, sio digrii. Inabidi uandike =SIN(RADIANS(30)) ndipo upate 0.5. Hapa angalau alama ya kutoa inakushtua. Lakini kuna pembe ambazo jibu litaonekana la kawaida kabisa, na ukiwa unapiga hesabu za kenchi za paa hutajua.

Andika =-3^2. Kalkuleta nyingi za kisayansi zinasema -9. Excel inasema 9, kwa sababu inaanza na ile alama ya kutoa kabla ya kipeo. Ukitaka -9 weka mabano: =-(3^2).

Andika 12m kwenye seli, ukimaanisha mita 12. Kwa Excel hayo ni maneno, sio namba. Ukijumlisha safu kwa SUM, inairuka seli hiyo kimya kimya. Angalia: namba za kweli zinasogea upande wa kulia wa seli, maneno yanakaa kushoto. Ukiona "namba" imekaa kushoto na hujaipanga wewe, ishuku. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu, namba ibaki peke yake.

Mwisho, hii inawahusu sana watu wa kafe. Unaandika orodha ya mabomba: inchi 1/2, inchi 3/4. Ukibonyeza Enter, 3/4 imegeuka tarehe! Kwenye mashine iliyopangwa Kimarekani inakuwa tarehe 4 Machi, kwenye iliyopangwa Kiingereza inakuwa tarehe 3 Aprili. Ndani yake Excel imehifadhi hesabu ya siku tangu mwaka 1900, namba inayozidi 45,000. Ukiizidisha kwa bei ya bomba, utadhani unaweka mabomba hadi Bujumbura. Andika 0.75, au anza na sifuri na nafasi, 0 3/4, itaelewa kuwa ni sehemu.

Msidhani ni washamba tu wanaoingia kwenye mtego huo wa tarehe. Watafiti wa vinasaba duniani walisumbuka nao kwa miaka mingi, kwa sababu kuna vinasaba vilivyokuwa na majina kama MARCH1 na SEPT1 na Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilitangaza imevibadili kuwa MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani binadamu wameona rahisi kubadili majina ya vinasaba vyao kuliko kushindana na Excel!

WAKUBWA NAO WANAKOSEA

Uingereza, Oktoba 2020, katikati ya korona. Serikali ikatangaza kwamba wagonjwa 15,841 walikuwa hawajaingizwa kwenye takwimu za kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Sababu? Matokeo kutoka maabara yalikuwa yanapakiwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, lile linaloishia na .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili likijaa, mistari ya ziada haikuingia. Aina mpya, .xlsx iliyoanza na Excel 2007, inafika mistari 1,048,576. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa na kuambiwa wajitenge. Hilo ni taifa tajiri lenye wataalamu wa kila aina.

Kisa cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu shujaa wake ni denti. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililoonyesha kuwa nchi ambayo deni lake linazidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wake kwa wastani unashuka kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakalishika kama rungu la kubana matumizi ya serikali.

Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani: chagua andiko maarufu urudie hesabu zake. Akarudia, majibu hayalingani. Akawaandikia wenyewe, nao kwa uungwana wakampa faili lao la Excel. Akafungua, akabofya seli ya wastani. Fomula ilikuwa inaishia mstari wa 44 wakati data inaendelea hadi mstari wa 49. Nchi 5 za mwanzo wa alfabeti zilikuwa nje ya hesabu: Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark.

Tuwe wakweli, kosa la fomula peke yake lilichangia sehemu ndogo. Zaidi ilikuwa data iliyoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi. Lakini Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipoweka yote sawa, ile asilimia hasi 0.1 ikawa chanya 2.2. Waandishi walikubali kosa la Excel, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kwa ujumla.

Funzo ni nini? Kosa lilipatikana kwa sababu faili lilikuwapo, fomula zilionekana, na mtu mmoja alibofya seli. Kama wangetoa karatasi iliyochapwa tu, mpaka leo ingekuwa ubishi wa maneno.

NA WORD JE?

Nusu ya kozi huwa ni kuandika ripoti, na hapo napo kuna dharau. Jiulize: ripoti yako ya PT au ya mradi wa mwaka wa mwisho ina kurasa 60. Umeandika yaliyomo kwa mkono, umeweka nukta nukta mpaka kwenye namba ya ukurasa. Msimamizi anasema ongeza mchoro ukurasa wa 14. Sasa kila kitu kimesogea, Mchoro 7 umekuwa Mchoro 8, na maandishi bado yanasema "tazama Mchoro 7". Anayejenga kwa kufuata ripoti ile atatazama mchoro wa mfereji akidhani ni wa nguzo.

Word inaweza kukuhesabia yote hayo. Vichwa vya habari vipe mtindo wa Heading, usivikoleze na kuvikuza kwa mkono. Maelezo ya picha yaingize kwa Insert Caption. Unapoitaja picha ndani ya maandishi tumia Cross-reference. Yaliyomo yatajitengeneza yenyewe. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na A kuchagua yote, halafu F9, namba zinajipanga upya. Milinganyo ya hesabu isichorwe kwa nafasi na mistari, bonyeza Alt na alama ya = pamoja, kisanduku cha mlinganyo kinafunguka.

Sasa kuhusu stationery. Dada anayechapa pale ana kasi kuliko wewe, na kazi yake ni halali kabisa. Lakini yeye hajui kama ulimaanisha kN au Nm, na si kazi yake kujua. Ukimpa karatasi yenye mwandiko wa kuku, 1 yako ikasomeka 7, atachapa 7. Mpe kazi ya kuprinti na kubandika kava. Namba chapa mwenyewe.

KALAMU NYEKUNDU YA SIKU HIZI

Kabla hujakabidhi faili lolote la hesabu, pitia haya. Hayazidi robo saa.

1. Chukua mstari mmoja, upige kwa kalkuleta na karatasi. Lazima ulingane na wa kompyuta.

2. Kabla ya kuangalia jibu, kisia. Nyumba ya vyumba viwili haiwezi kula mifuko 7,000 ya simenti. Mtu asiyekisia hatajua sifuri imezidi.

3. Bonyeza Ctrl na kile kitufe kilicho juu ya Tab. Excel itakuonyesha fomula zote badala ya majibu. Zipitie kwa macho: ziko sawa mstari kwa mstari? Kuna seli ambayo mtu amechapa namba tupu katikati ya fomula?

4. Weka sifuri kwenye kipimo kimoja uone jibu linafanya nini. Halafu kiongeze mara mbili. Kama ujazo umeongezeka mara mbili na simenti haijabadilika, kuna seli haijaunganishwa.

5. Hakikisha jumla inashika mistari yote. Makosa mengi huingia pale unapoongeza mstari mpya chini kabisa, nje ya SUM.

6. Mpe mwenzako afungue bila wewe kuwapo. Akilazimika kukupigia simu kuuliza "hii 1.54 ni ya nini?", faili bado halijaisha.

Hii ya sita ndiyo inayoua desa. Ukidesa faili la mshikaji unadesa na makosa yake, na hamna anayeyajua. Mkikaguana, kila mmoja anakuwa amefanya kazi yake na ameona ya mwenzake. Mwalimu hawezi kulalamika kwa hilo.

Na kwa wanaosema siku hizi akili mnemba inakuandikia fomula kwa sekunde: itumie, hakuna ubaya. Lakini inaweza kukuandikia fomula iliyonyooka kwa swali ambalo hukuuliza. Haijui kama pembe zako ni digrii, haijui mabomba yako yamegeuka tarehe. Hatua hizo sita zinahusu na fomula ilizokupa.

KWA WANAOSOMEA KAFE

Kutokuwa na laptop siyo sababu ya kushindwa kozi hii. LibreOffice ni ya bure kabisa, na Google Sheets inafungua kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Hata Kiswahili kilishapata nafasi yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Ila kuwa makini. Flashi ikitoka kafe inaweza kuwa na virusi, kwa hiyo jitumie faili na kwenye barua pepe. Ukitoka, ondoka kwenye akaunti yako. Andika tarehe kwenye jina la faili ili usichanganye la jana na la leo. Ripoti ya kuprinti igeuze kuwa PDF kabla hujaipeleka mashine nyingine, la sivyo fonti zitabadilika na kurasa zitasogea. Faili la hesabu likabidhi lenyewe kama lilivyo, lenye fomula. PDF ya hesabu ni jibu bila kazi.

Wadau, siku moja utasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na jina lako litakaa chini ya hesabu ambazo watu watalala juu yake, watapita juu yake na kunywa maji yake. Siku hiyo hamna atakayeuliza ulipata daraja gani kwenye kozi ya kompyuta. Atakayefungua faili lako atabofya seli moja tu, aone kilichomo.

Haya, tuchangie. Chuoni kwenu kozi hii inafundishwa kwa mifano ya uhandisi, au bado mnachapa barua ya kuomba kazi na kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti? Na mtego gani wa Excel uliowahi kukutoa jasho? Mwageni hapo chini, tusaidiane na wanaoanza mwaka huu.

Nawasilisha.